Kilichotoboa Gurudumu la Nyuma

Mimi sisimami kwa ajili ya mwanamume. Liandike hilo, lipigie mstari, ukipenda litundike ukutani. Nimeendesha baiskeli peke yangu siku kumi na moja, kilomita mia saba na arobaini kwa mujibu wa ile mita ndogo kwenye usukani, bahari mkono wa kulia, jua utosini, na safari yote hiyo nimesimama kwa sababu nne tu: maji, usingizi, kibofu na mbwa. Wanaume walijaribu. Mmoja wa pikipiki alinifuata kilomita tano akiniuliza kama nimechoka. Nikamwambia ndiyo, nimechoka naye. Mwingine alikuwa kwenye mabwawa ya chumvi, sepetu begani, akanipigia ukelele kwamba nikisimama ananioa leo leo. Nikampigia kengele, nikapita.

Basi una haki ya kuniuliza: ilikuwaje asubuhi ya siku ya kumi na mbili, Jumamosi, mwanamke huyo asiyesimama akawa ameketi juu ya kalvati, kile kidaraja cha kupitishia maji ya mvua, kwenye mlango wa mji, baiskeli kailaza ubavu, na mkononi ana pini anaichomeka kwenye gurudumu lake mwenyewe?

Nitakueleza. Ila usicheke mapema.

Hatua mia mbili kutoka kwenye kalvati hilo kuna karakana ya baiskeli. Mwenye karakana ndiye aliyeiunda baiskeli yangu, kuanzia fremu hadi kengele. Aliunda mbili, pacha, moja yangu na moja yake. Tulikuwa tupande basi nazo hadi mji anaokaa dada yangu, inakoanzia barabara ya pwani, kisha tuendeshe bega kwa bega kilomita mia tisa hadi inakoishia lami, turudi tuoane. Tulipanga miezi minane. Miaka miwili iliyopita, alfajiri ya kuondoka, nilifika karakanani na helmeti kichwani nikamkuta kasimama mlangoni na kandambili miguuni. Mama yake alikuwa ameteleza bafuni, kavunjika nyonga. Akaniomba wiki tatu.

Ningempa wiki tatu. Nataka ulijue hilo. Ningempa hata mwaka. Lakini mama yake hakuwahi kunitaka, alishasema wazi kwamba mwanamke anayekimbia kwa magurudumu mawili ataikimbia ndoa kwa gurudumu moja, na mimi nikaona ile nyonga kaivunja makusudi. Halafu watu walikuwa wamejaa pale kutuaga, na mimi nikiona watu ulimi huniwasha. Nikasema kwa sauti ya mtu wa mnada, "Jamani, kwenye kila baiskeli kuna kile chuma cha pembeni ambacho kazi yake ni kusimama tu. Kinaitwa stendi. Mwenzetu huyu kuanzia leo ndilo jina lake."

Watu walicheka. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alinitazama tu, kisha akanisaidia kupakia baiskeli yangu kwenye basi. Kwa dada nikakaa miaka miwili, baiskeli ikaning'inia ukutani, nami nikawa napita chini yake nikiinamisha kichwa.

Wiki mbili zilizopita dada akanipa habari wakati anachambua mchele, bila kuinua macho. "Stendi wako anaoa. Mshonaji. Wazee wa binti watakwenda kuchukua jibu lake la mwisho Jumamosi ile nyingine, saa sita mchana."

"Mwache aoe," nikasema. "Stendi nayo inahitaji baiskeli ya kuisimamisha."

Jumanne yake nikaishusha baiskeli ukutani. Kwa bahati tu, nilijiambia. Msimu ulikuwa mzuri.

Nilikuwa na sentensi moja. Niliifanyia mazoezi njia nzima. Niliwaambia mbuzi, niliiambia bahari, niliziambia nguzo za umeme moja baada ya nyingine: *Usioe. Chukua baiskeli yako, twende.* Ilitoka vizuri kila mara. Tatizo ni kwamba mtu hawezi kuingia karakanani na sentensi peke yake. Atahitaji kisingizio. Na baiskeli aliyoiunda yeye haiharibiki. Kilomita mia saba na arobaini hazijalegeza hata spoku moja. Ndiyo maana nikachomoa pini iliyokuwa imeshika shati langu kifuani, pale kifungo kilipodondokea siku ya pili, nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na shuka nyeupe tu zilizoanikwa juu ya paa la nyumba yao, nyuma ya karakana, zinapepea. Nikaichoma pini ubavuni mwa tairi mpaka ikazama, nikaichomoa, nikaitupa kwenye majani. Upepo ukatoka taratibu, kama mtu anayeguna kwa adabu.

Nikaisukuma baiskeli huku gurudumu la nyuma likilia fla, fla, fla kama kandambili iliyokatika. Uso nilikuwa nimeuandaa: uso wa mtu mwenye haraka aliyeudhika kidogo. Kitu kimoja sikuwa nimekiandalia uso. Juu ya mlango wa karakana palikuwa na ubao wa bluu, herufi nyeupe zimepigwa kwa rula: KWA STENDI. MATENGENEZO YA BAISKELI.

Lile jina nililitunga kwa hasira ya dakika moja. Yeye alikuwa ameliandika kwa rangi ya mafuta.

"Wateja walikuwa hawanijui kwa jina jingine," sauti ikasema kutoka ndani. "Nikaona nisibishane na mji mzima."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, gurudumu la mtu mapajani. Mabega yalikuwa yameongezeka. Mikono ilikuwa ile ile, nyeusi ya grisi mpaka kwenye vifundo, na macho yale yale ambayo hayakuwahi kunitazama haraka hata siku moja. Yalianza miguuni pangu, yakapanda polepole, kama mtu anayekagua baiskeli yake iliyorudishwa na aliyeiazima.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, Kengele."

Kengele ni mimi. Jina hilo alinipa yeye, kwa sababu, alisema, nikiwa mbali bado watu wanajua ninakuja. Miaka miwili hakuna mtu aliyeniita hivyo. Nikashika shati langu kifuani, si kwa mahaba, kwa sababu lilikuwa wazi.

"Umekonda," akasema.

"Jua limeniyeyusha mafuta. Wewe umenenepa. Kusimama kunakufaa."

Zamani angecheka mpaka spana imdondoke. Sasa aliliweka gurudumu la yule mteja chini, taratibu, akafuta mikono.

"Una shida gani?"

"Gurudumu la nyuma. Ziba nipite, nina kilomita nyingi leo. Mimi, unanijua, sisimami."

"Nakujua," akasema. "Na mimi nina wageni saa sita. Wengine wameshafika."

Kweli, nyuma ya ukuta, upande wa nyumba, nilisikia viti vikivutwa na mwanamume wa makamo akikohoa kikohozi cha mtu aliyevaa koti zito.

"Wageni gani?" nikauliza. Ningepewa tuzo kwa lile swali.

"Wa upande wa mshonaji. Wamekuja kuchukua jibu."

"Na jibu ni lipi?"

"Watalipata saa sita." Akainua macho kwenye saa ya ukutani. "Sasa hivi ni saa nne na robo."

Ndiyo kusema hajajibu. Ndiyo kusema palikuwa na saa moja na dakika arobaini na tano ndani ya dunia nzima, na zote zilikuwa zangu. Sentensi ilikuja mpaka kwenye meno. Nikafungua mdomo.

"Basi ziba haraka," nikasema, "usije ukaenda kuposa unanuka gundi."

Ndivyo nilivyo. Mungu alinipa moyo, akaweka mzaha mlangoni kuwa askari.

Aliigeuza baiskeli, ikasimama kwa kiti na usukani. Kabla hajagusa gurudumu alipitisha kiganja kwenye fremu, juu, chini, akaigusa kengele kwa kidole gumba, ikalia kidogo. Nami nikainua macho nisione hayo, nikaona jingine. Pacha ilikuwa inaning'inia darini kwa ndoano mbili. Nilitegemea vumbi. Nilitegemea kutu, utando wa buibui, tairi zilizokunjamana kama uso wa bibi. Haikuwa na hayo. Mnyororo ulikuwa unang'aa kwa mafuta mabichi. Tairi zilikuwa zimejaa upepo, ngumu.

"Hii bado unayo," nikasema.

"Huwa naipaka mafuta kila Ijumaa."

"Kila Ijumaa kwa miaka miwili? Si ungefuga kuku tu, angalau ungekula mayai."

Akaitoa tairi kwa vyuma vyake viwili bapa, akavuta tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji kipande kwa kipande. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti, magoti yangu karibu na bega lake. Tulikuwa tunatazama maji yale kama watu wanaotazama mtoto analala. Kisha mapovu yakapanda, membamba, mfululizo, kama uzi wa shanga.

"Tundu dogo," akasema.

"Dogo lakini lina kazi. Kama mimi."

Akalizungushia alama ya chaki. Halafu hakuchukua msasa, wala gundi. Alichukua tairi, akaingiza vidole ndani yake, akaanza kupapasa, mzunguko mzima, polepole, macho kayafumba.

Hapo ndipo nilipojua kosa langu. Nilikuwa nimesahau. Yeye ana sheria moja ya kazi ambayo alinifundisha kabla hajanifundisha kufunga mnyororo: usizibe tundu kabla hujakiona kilichotoboa. Mwiba ukibaki ndani ya tairi, utaziba leo, utatobolewa kesho. Mteja wake anaweza kupiga kelele, anaweza kulia, hatazibiwa mpaka kilichotoboa kitolewe na kuwekwa kiganjani kwake akione. Na mimi mwanafunzi wake mwerevu nilikuwa nimekichomoa na kukitupa kwenye majani.

"Hakuna kitu humu," akasema.

"Kimetoka chenyewe."

"Kilikuwa nini?"

"Nitajuaje? Msumari."

"Msumari haupandi ubavuni." Akafumbua macho. "Barabara hutoboa chini, Kengele. Tundu hili liko ubavuni."

"Basi ni msumari wa kabila jingine."

Akanitazama. Lilikuwa lile tazamo lake la polepole, na safari hii lilifika usoni pangu likakaa. Kwenye pembe ya mdomo wake kitu kilitaka kuanza. Nikahisi kifua kinanipanda na kushuka chini ya mkono ulioshika shati, nikajua kwamba nikinyamaza kwa pumzi mbili tu, tatu tu, bila mzaha, mambo yote yatajisema yenyewe.

Mlango wa upande wa nyumba ukafunguliwa.

Alikuwa msichana wa umri wangu, mnene wa wastani, futi ya kupimia nguo imemning'inia shingoni, glasi ya maji juu ya sahani. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimemchora kichwani njia nzima, nikamchora na meno mabaya na sauti ya cherehani bovu. Alikuwa na sauti laini na meno mazuri kuliko yangu.

"Mama amesema kuna mgeni amekuja kwa baiskeli," akasema. "Pole na jua, dada. Umetoka mbali?"

"Kiasi."

"Kilomita mia saba na arobaini," fundi akasema, bila kuinua kichwa. Alikuwa ameisoma mita.

"Peke yako?" Yule msichana akashika shavu. "Mimi kwenda sokoni tu natafuta mwenzangu." Kisha macho yake ya kazi yakashuka kwenye mkono wangu. "Dada, umekosa kifungo. Ngoja."

"Usijisumbue."

"Si usumbufu. Siwezi kuona nguo wazi nikapita, nitaumwa kichwa." Alikuwa ameshatoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, na kifungo kutoka mfukoni, cheupe. Akasimama karibu yangu, akatoa mkono wangu kifuani kwa upole, akaanza kushona nikiwa nimelivaa. Pumzi yake ilinigusa shingo. Alinukia sabuni. Nilikaa kama mtoto anayevalishwa, na mbele yangu mwanamume niliyemfuata alikuwa ametazama chini kwenye beseni.

"Wewe ni nani kwake?" akaniuliza kwa sauti ndogo, bila ubaya, kama mtu anayeuliza bei. "Ndugu?"

"Mteja," nikasema.

"Ah." Sindano ikapita, ikarudi. "Ni mtu mzuri. Haongei sana. Lakini ukiwa naye unajua kwamba ukigeuka utamkuta pale pale."

Kile nilichokifanya kuwa tusi, yeye alikiona kuwa sifa. Nilitaka kumchukia, nikakosa pa kushika.

"Njia yote hiyo ulilifunga shati na nini?" akauliza.

"Pini."

"Iko wapi? Nikutolee isikuchome."

"Imepotea."

Beseni lilicheza. Fundi alikuwa ameinua kichwa.

"Imepotelea wapi?" akauliza yeye.

"Njiani huko."

"Leo?"

"Sikumbuki, fundi. Pini haiagi."

Msichana akainama, akakata uzi kwa meno, karibu na moyo wangu kuliko mtu yeyote alivyowahi kufika kwa miaka miwili. "Tayari," akasema. "Sasa hakitoki mpaka shati lenyewe lichakae." Akatabasamu, akachukua sahani, akarudi ndani kwa wageni wake.

Fundi alisubiri mlango ufungwe. Kisha akaichukua tyubu, akaileta mbele ya macho yangu, akaivuta kwa vidole viwili mpaka lile tundu likafunguka. Dogo, duara, safi.

"Hili ni la pini," akasema.

Nikakishika kile kifungo kipya, nikakizungusha.

"Kengele. Kule ndani wamekaa watu wanaonisubiri. Binti huyo hana kosa, na mimi sitaki kumfanya mtu wa kungoja. Nimemwambia ukweli, kwamba kuna mtu nilimngoja. Akaniambia, mngoje mpaka Jumamosi saa sita, asipokuja niambie ndiyo." Aliinua macho kwenye ile pacha. "Nikajua hutakuja. Ijumaa nikapaka mnyororo mafuta hata hivyo. Leo saa nne umeingia na tundu ubavuni. Nakuuliza kwa mara ya tatu, na sitauliza ya nne. Kilichotoboa ni nini?"

Haya. Hapa ndipo ningekuomba unisaidie kama ungekuwepo. Ningekuomba unifinye, unikanyage mguu, unizibe mdomo na kiraka. Sentensi ilikuwepo. Maneno matano, mbuzi wote wa pwani wanayajua. Lakini alikuwa ameniona. Alikuwa amekaa pale, mtulivu, ananisoma kama mita, anajua kwamba mimi nisiyesimama nimejitoboa mwenyewe ili nisimame mlangoni pake, chini ya jina nililomtukania. Aibu ilinipanda ikiwa ya moto, na ulimi, mbwa yule, ukatangulia mbele kumlinda mwenye nyumba.

"Miiba ni mingi duniani, Stendi," nikasema. "Usidhani kila tundu lina jina lako."

Akaishusha ile tyubu mapajani.

"Ningetaka kusimama kwa ajili yako ningesimama siku ile, ungali na kandambili zako. Mimi napita tu. Mji wenu uko njiani. Kama kalvati."

"Kama kalvati," akasema.

"Mtu hupita juu yake, hasemi kalvati limemwalika."

Nilicheka. Nataka ulijue na hilo pia, sitaki kujipendelea. Nilicheka kicheko kifupi, nikangoja acheke naye, au akasirike, anirushie hata tambara la grisi. Akikasirika mtu, unaweza kumwomba radhi. Yeye alivuta msasa akaukwaruza mpira mpaka ukawa na vumbi, akapaka gundi, akapuliza, akabandika kiraka, akakikandamiza kwa kidole gumba na kuhesabu kimoyomoyo. Alirudisha tyubu, akarudisha tairi, akapiga pampu. Yote hayo kama kwa mteja.

"Nimeziba bila kukiona," akasema alipomaliza. "Mara ya kwanza tangu nianze kazi. Ikitoboka tena mbele ya safari, tafuta fundi mwingine."

Kisha akasimama. Akanyoosha mkono juu, kwenye ile pacha iliyoning'inia, akatafuta mdomo wa upepo wa gurudumu la mbele, akaubonyeza. Upepo ukaanza kutoka. Ssss. Ulitoka kwa muda mrefu, kwa sababu ulikuwa umejaa vizuri. Hakuondoa kidole mpaka tairi ikalegea kabisa. Akahamia la nyuma. Ssss. Mimi nilikuwa nimeshika usukani wa baiskeli yangu kwa mikono yote miwili na sikupata hata neno moja la kuchekesha.

Akanawa mikono kwenye lile beseni la mapovu, akajifuta, akafunga kifungo cha juu cha shati lake.

"Safari njema, Kengele," akasema, akaingia ndani.

Saa ilikuwa saa tano na dakika kumi. Hakusubiri saa sita.

Ukuta wa karakana ile ni mwembamba. Nilisikia viti. Nilisikia yule wa koti zito akisema, "Ehe, kijana wetu." Kisha sauti yake, ile isiyopanda wala kushuka, ikasema neno moja, na vicheko vikamwagika, na makofi, na mtu akamwita mshonaji aje, na mshonaji akacheka huku analia.

Nikaisukuma baiskeli nje. Jua lilikuwa jeupe. Upande wa pili wa barabara bahari ilikuwa inafanya kazi yake kama kawaida, haina habari. Nikapandisha mguu kwenye pedali, nikashusha. Nikakagua breki. Nikakagua mikoba ya nyuma, kamba moja moja, zote zilikuwa zimekaza.

Nyuma yangu nikasikia fimbo. Tok. Tok. Mama yake alikuwa anakuja kutoka mlango wa mbele, amevaa vizuri, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kaukunja ngumi. Alikuwa anachechemea. Kwa hiyo ile nyonga ilivunjika kweli, na ilikuwa imeunga vibaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akasimama kivulini, akapumua. "Umeshazibiwa?"

"Tayari. Msumari tu. Nilikuwa napita."

"Hm," akasema. "Leo asubuhi nilikuwa juu ya paa naanika shuka za wageni. Wasichana walinikataza nisipande ngazi, nikawaambia siku ya furaha mtu hupanda." Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye kalvati. "Kutoka kule juu, pale panaonekana kama kiganja changu."

Akaukunjua mkono. Pini ilikuwa katikati ya kiganja, imefungwa vizuri, ina jani kavu kwenye ncha.

Nikaushika usukani tena.

"Nilishuka ngazi na nyonga hii nikaenda kuitafuta kwenye majani, nione kama kweli nimeona nilichokiona. Nikarudi nikakaa dirishani, hapo, nyuma yenu." Dirisha la mbao lilikuwa nusu wazi, hatua mbili kutoka kwenye kreti niliyokalia. "Miaka miwili nilisema wewe ni mwanamke wa kukimbia. Leo nikamwona huyo mwanamke amekaa anatoboa gurudumu lake mwenyewe ili afike kwa mwanangu. Nikasema moyoni, huyu nilimkosea. Nikajiapiza: akisema, hata akisema nusu, mimi mwenyewe nitaingia kule ndani nipige magoti kwa wale wazee, niwarudishe kwao kwa heshima. Hata yule binti ningempigia magoti."

"Mama," nikasema.

"Nikangoja. Alikuuliza mara ya kwanza. Alikuuliza mara ya pili. Ya tatu nilikuwa nimeshasimama, nimeshika mlango." Akanitazama bila chuki, na hilo ndilo lililoniua. "Ukamwambia yeye ni kalvati."

"Naweza kumwambia sasa. Naweza kuingia."

"Unaweza. Mlango uko wazi, sitakuzuia. Ingia umwambie mbele ya mchumba wake, akiwa amemshika mkono. Kisha tuone mzaha gani utakutoka."

Ndani mtu alianza kupanga vikombe. Nikasikia yule msichana akiuliza kama yule dada wa baiskeli ameondoka, kwamba akaribishwe naye akae kidogo, mgeni ni mgeni.

Mama akaushika mkono wangu, akaiweka pini kiganjani, akanikunjia vidole kimoja kimoja. Halafu macho yake yakashuka kifuani kwangu, kwenye kifungo cheupe kisichofanana na vingine. Akakigusa kwa ncha ya kidole, akakivuta kidogo, kujaribu kama kimekaza.

"Mkwe wangu ana mkono mzuri," akasema. "Haya, panda uende. Nilikusikia mwenyewe pale dirishani, wewe husimami."

Akageuka. Tok. Tok. Akaingia, akafunga mlango, na mimi nilikuwa bado nimesimama.